Ndoa za Jinsia Moja na Ustawi wa Familia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Utafiti

Kazi yangu ni ukalimani wa Kiswahili katika kliniki ya watoto nchini Uholanzi. Wazazi ninaowatafsiria wengi wametoka Bukavu, Uvira, Bujumbura na Kigoma. Kwenye benchi la kusubiri zamu ya mizani hukaa watu wa kila aina, na mara nyingine pembeni yao wamekaa wanawake wawili na kichanga chao, mmoja ameshika chupa, mwingine kadi ya chanjo. Tukishatoka nje, swali huja kwa sauti ya chini: "Dada, hivi mtoto yule atakuaje?"

Nimeulizwa hivyo mara nyingi hadi nikaamua kuzisoma tafiti zenyewe, niachane na vichwa vya habari. Dini na mila kila mtu anazo zake, na hakuna dodoso linaloweza kuzipima. Ninachojibu hapa ni kile ambacho watafiti wamekwenda kukitazama na kukihesabu.

Nani alianza kuchunguza jambo hili, na kwa nini?

Mahakama ndizo zilizolazimisha. Miaka ya 1970, Uingereza na Marekani, mwanamke aliyeachana na mumewe kisha akaishi na mwanamke mwenzake alikuwa karibu na hakika ya kunyang'anywa watoto. Majaji walisema watoto watachanganyikiwa, watatengwa na wenzao, hawatajua kama ni wa kike au wa kiume. Yalisemwa kwa uhakika mkubwa, na hakuna aliyekuwa amepima.

Susan Golombok, wakati huo mwanasaikolojia kijana jijini London, akaenda kupima. Yeye na wenzake walichukua familia 27 za akina mama wanaopenda wanawake, wakazilinganisha na familia 27 za akina mama wa kawaida waliokuwa wakilea peke yao. Matokeo yalitoka mwaka 1983. Tazama alivyopanga: pande zote mbili baba hayupo nyumbani, kwa hiyo tofauti kubwa iliyobaki ni mama anampenda nani. Watoto hawakutofautiana kwa hisia, kwa tabia, wala kwa kujitambua kama wavulana au wasichana.

Kabla yake alikuwepo Evelyn Hooker wa Los Angeles, na jaribio lake nalipenda kwa jinsi lilivyo rahisi kulieleza. Madaktari wa akili wa zama zile waliwajua wanaume wanaopenda wanaume kupitia wagonjwa na wafungwa, wakahitimisha kwamba wote ni wagonjwa. Hooker akatafuta wanaume 30 wa namna hiyo ambao hawakuwa wagonjwa wala wafungwa, na wengine 30 wanaopenda wanawake, akiwaoanisha kwa umri, elimu na akili. Akawapa vipimo vya saikolojia, kikiwemo kile cha kueleza unachokiona kwenye madoa ya wino. Majibu akayafuta majina, akawapelekea mabingwa wa vipimo hivyo na kuwaomba watenganishe nani ni nani. Walishindwa. Alichapisha mwaka 1957. Mwaka 1973 chama cha madaktari wa akili wa Marekani kikaliondoa jambo hilo kwenye orodha ya magonjwa, na Shirika la Afya Duniani likafuata tarehe 17 Mei 1990.

Sawa, lakini watoto wanakuaje?

Kama watoto wengine. Wapo wanaong'aa, wapo wanaosumbua, wapo wa katikati, na mgawanyo wao unafanana na wa jirani zao.

Ushahidi ninaouheshimu kuliko mwingine umetoka hapa ninapoishi, kwa sababu mbili. Kwanza, Uholanzi ndiyo nchi ya kwanza duniani kufungua ndoa kwa watu wa jinsia moja, tarehe 1 Aprili 2001, kwa hiyo watoto wa ndoa hizo wameshakuwa watu wazima. Pili, kila mkaazi yumo kwenye sajili ya serikali: nani ni mzazi wa nani, kipato chake, matokeo ya shule ya mtoto. Deni Mazrekaj na wenzake walizifungua sajili hizo, na mwaka 2020 wakachapisha walichokikuta. Walikuwa na watoto 2,971 waliolelewa na wazazi wa jinsia moja, wakawalinganisha na zaidi ya milioni moja waliolelewa na baba na mama, wakiwafuata tangu kuzaliwa. Watoto wa wazazi wa jinsia moja walipata alama za juu kidogo katika mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, na uwezekano wao wa kumaliza sekondari ulikuwa mkubwa zaidi.

Sasa usikimbilie kusema basi hao ni wazazi bora. Wanawake wawili hawapati mimba kwa bahati mbaya. Lazima wakae chini, wapange, watafute mchangiaji mbegu, walipie hospitali au wapitie safari ndefu ya kuasili. Anayefika mwisho wa safari hiyo mara nyingi ana umri mkubwa kidogo, elimu na kipato. Watafiti walipohesabu kipato na elimu ya wazazi, pengo lilipungua sana. Fedha na kupanga ndivyo vilivyobeba sehemu kubwa ya mzigo, na hilo ni kweli hata katika nyumba ya baba na mama.

Marekani kuna utafiti mwingine ulioanza mwaka 1986 chini ya daktari wa akili Nanette Gartrell. Aliwaandikisha wanawake wajawazito, au waliokuwa wakijiandaa kupata mimba kwa mbegu za mchangiaji, na amewafuata watoto wao hadi utu uzima. Walipofika miaka 25 walikuwa bado 77 kwenye utafiti, na afya yao ya akili haikutofautiana na ya vijana wenzao wa taifa zima. Jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo hayo mwaka 2018. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilikuwa kimeshatoa msimamo wake mwaka 2002, kisha kikaurudia mwaka 2013 kwa upana zaidi: mtoto anahitaji wazazi wanaompenda na uhusiano wa kudumu nao, na sheria ya ndoa inausaidia uhusiano huo usimame.

Mbona kuna utafiti wa Texas uliosema wanaharibika?

Upo, na unasambazwa mno kwa WhatsApp, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Mwaka 2012 Mark Regnerus, mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Texas, alichapisha matokeo ya mahojiano na karibu watu 3,000 wenye umri wa miaka 18 hadi 39. Wale aliowaweka kwenye kundi la "mama msagaji" (163) na "baba shoga" (73) walikuwa na hali mbaya kwa mambo mengi: ajira, sonona, misaada ya serikali. Kwa haki niseme alifanya jambo ambalo wengi kabla yake hawakulifanya: washiriki wake walitoka kwenye sampuli ya nasibu ya nchi nzima, hawakujitolea wenyewe.

Tatizo liko kwenye swali alilotumia kuwagawa. Aliuliza kama, ulipokuwa mtoto, mzazi wako yeyote aliwahi kuwa na uhusiano wa kimapenzi na mtu wa jinsia yake. Ukisema ndiyo, unaingia kundini, hata kama uhusiano ulidumu wiki chache, hata kama hukuwahi kulala nyumba moja na huyo mpenzi. Wengi wa watu hao walizaliwa na baba na mama waliooana kisha wakaachana. Waliolelewa utoto wao wote na wanawake wawili walikuwa wawili tu. Kisha akawalinganisha na nani? Na watu ambao baba na mama yao waliishi pamoja kwenye ndoa isiyovunjika hadi leo. Hapo umepima talaka, ukaipachika jina jingine.

Mwaka 2015 Simon Cheng na Brian Powell walizichambua upya takwimu zilezile, mtu mmoja mmoja. Kwenye kundi la "baba shoga" walimkuta kijana wa miaka 25 aliyejaza kwamba ana urefu wa zaidi ya mita 2.3, uzito wa kilo 40, ameoa mara nane na ana watoto wanane. Yeye naye alikuwa amehesabiwa. Walipowatoa watu wa namna hiyo na wale ambao hawakuishi na wapenzi wa wazazi wao, tofauti karibu zote zilitoweka.

Ukisoma utafiti wowote wa familia, hata unaokupendeza, anza hapo: nani analinganishwa na nani? Mimi sasa nausoma ukurasa huo kabla ya ule wa matokeo.

Na tafiti zinazosema "hakuna tofauti", zenyewe hazina kasoro?

Zinazo. Nyingi za mwanzo zilikuwa na familia chache, thelathini, hamsini, nyingi zikiwa za wazungu wenye elimu waliosoma tangazo na kupiga simu. Mtu aliyejitolea huenda ana mambo yake sawa nyumbani. Mara nyingi pia ni mzazi ndiye aliyejaza dodoso la mtoto wake, na mzazi gani hamsifu mwanawe? Wakosoaji walilisema hilo na walikuwa na haki ya kulisema. Ndiyo maana sensa na sajili za serikali zina uzito, kwa kuwa hapo hakuna aliyejichagua. Michael Rosenfeld alitumia sensa ya Marekani ya mwaka 2000 kuangalia watoto wanaorudia darasa, na Uholanzi tumeshaiona. Njia zimetofautiana, udhaifu umetofautiana, majibu yamekaribiana.

Mtoto atakosa baba. Hilo halimuumizi?

Mtoto aliyekuwa na baba akamkosa huumia, kwa kifo au kwa kutelekezwa, na hilo kila mtu wa kwetu analijua bila kusoma jarida. Lakini tafiti zinazoonyesha madhara ya nyumba isiyo na baba zimelinganisha mzazi mmoja na wazazi wawili. Mzazi mmoja ana kipato kimoja, mikono miwili, usingizi wa kukatikakatika, na mara nyingi nyuma yake kuna ugomvi mrefu. Nyumba ya mama wawili ina watu wazima wawili.

Golombok na kundi lake la Cambridge walirudi kwenye swali hili mwaka 2014, safari hii kwa akina baba. Walitembelea familia za Uingereza zilizoasili watoto: 41 za baba wawili, 40 za mama wawili, 49 za baba na mama. Akina baba wale walikuwa na upendo na mwitikio kwa watoto wao sawa na wengine, na katika baadhi ya vipimo walizidi. Kumbuka ni watoto waliotoka kwenye malezi mabovu, na kuwapokea kunahitaji moyo.

Mtoto ataiga?

Wengi wao wanapokua huvutiwa na watu wa jinsia nyingine, kama vijana wengine. Katika utafiti wa Gartrell, waliosema wamewahi kuvutiwa na jinsia yao walikuwa wengi kuliko kwa vijana wa kawaida. Huenda ni kwa sababu nyumbani kwao kulisema hakuogopeshi. Tukumbuke tu kwamba karibu wapenzi wote wa jinsia moja duniani wamelelewa na baba na mama.

Ndoa inaongeza nini? Si wangeishi tu pamoja?

Swali zuri, na jibu lake limenigusa kuliko yote.

Michigan, Marekani, kulikuwa na wauguzi wawili wanawake walioishi pamoja na kuasili watoto, baadhi yao wenye mahitaji maalumu. Sheria ya jimbo iliruhusu kila mtoto awe na mzazi mmoja tu kati yao. Siku moja walinusurika ajali ya gari, wakarudi nyumbani na swali: mmoja wetu angekufa, watoto alioasili wangekwenda kwa nani? Kisheria mwenzake alikuwa mgeni kwa watoto aliowaogesha tangu wachanga. Walikwenda mahakamani. Mwaka 2014 Jaji Bernard Friedman alimsikiliza Regnerus kama shahidi wa serikali ya jimbo, akaandika kwamba ushahidi wake haukuaminika hata kidogo. Kesi yao iliunganishwa na nyingine, na tarehe 26 Juni 2015 Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani ikafungua ndoa nchi nzima.

Hata hapa Uholanzi, hadi tarehe 1 Aprili 2014, mama asiyezaa alilazimika kumwasili mtoto ambaye mwenzake amemzaa ndani ya ndoa yao. Bima, pensheni, mirathi, kusaini karatasi ya upasuaji usiku wa manane: vyote vinaegemea cheti.

Afya ya watu wazima nayo imepimwa. Mark Hatzenbuehler na wenzake walitumia mahojiano ya watu walewale kabla na baada ya majimbo kadhaa ya Marekani kupiga kura ya kuzuia ndoa hizo mwaka 2004 na 2005. Katika majimbo yaliyozuia, matatizo ya kihisia kama sonona yaliongezeka kwa asilimia 36.6 miongoni mwa wapenzi wa jinsia moja. Kinyume chake, Massachusetts ilipozifungua, wanaume 1,211 wa kliniki moja walikwenda kwa daktari mara chache zaidi katika miezi 12 iliyofuata, wenye wenzi na wasio nao. Julia Raifman na wenzake walichambua wanafunzi wa sekondari zaidi ya 760,000 na kukuta, mwaka 2017, kwamba majimbo yaliyoruhusu ndoa yalikuwa na upungufu wa asilimia 7 wa majaribio ya kujiua. Na katika Denmark na Sweden, vifo vya kujiua miongoni mwa waliofunga ndoa za jinsia moja, au waliosajili uenzi wao kabla ndoa hazijafunguliwa, vilishuka kwa asilimia 46 kati ya kipindi cha 1989–2002 na cha 2003–2016, ingawa bado vilikuwa juu kuliko kwa wanandoa wengine.

Mambo mawili kwenda pamoja si uthibitisho kwamba moja limelizaa jingine. Lakini mahali pengi, kwa njia mbalimbali, yamekwenda upande uleule. Watafiti huuita mzigo huo msongo wa kuwa wachache: kuishi ukijichunga, ukipima kila neno kabla hujalitoa. Mkimbizi yeyote aliyekaa hapa bila karatasi anaijua hali hiyo mwilini mwake.

Wanaachana zaidi?

Inategemea. Kwa mujibu wa ofisi ya takwimu ya Uholanzi, kati ya waliofunga ndoa mwaka 2005, baada ya miaka kumi walikuwa wameachana asilimia 30 ya wanawake wawili, asilimia 18 ya mume na mke, na asilimia 15 ya wanaume wawili. Hata katika ndoa za kawaida wanawake ndio wanaoomba talaka zaidi.

Ndoa za wengine zimeharibika?

Hapana. RAND, taasisi ya utafiti ya Marekani, ilipitia tafiti 96 mwaka 2024, miaka ishirini baada ya Massachusetts kuzifungua ndoa hizo. Watu wa jinsia tofauti hawakupungua kuoana wala hawakuzidi kuachana kwa sababu hiyo.

Na kwetu Afrika?

Afrika Kusini ndiyo nchi pekee ya bara hili yenye ndoa hizo, tangu tarehe 30 Novemba 2006. Tanzania, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataja mwanamume na mwanamke. Katiba za Kenya na Kongo zinasema hivyohivyo. Burundi iliufanya uhusiano wenyewe kuwa kosa mwaka 2009, na Uganda iliongeza adhabu mwaka 2023 hadi kifo kwa baadhi ya makosa. Pale ambapo familia inajificha, mtafiti hawezi kubisha hodi.

Watu huniuliza pia kuhusu Wakurya wa Mara, kwa kuwa kwao mwanamke huoa mwanamke. Nyumba ntobhu ni jambo jingine, na tuliache lilivyo: mama asiye na mtoto wa kiume hutoa mahari ya ng'ombe, huoa binti, na watoto anaowazaa binti yule na mwanamume huwa wa ukoo wa yule mama. Ni ndoa ya mirathi na uzao. Mapenzi kati yao hayamo. Wanandi, Wakisii na Wakamba nao wana ya kwao. Ninalitaja kwa sababu moja: wanaanthropolojia wa Marekani waliposema mwaka 2004 kwamba zaidi ya karne moja ya utafiti wa koo na kaya imeonyesha jamii zimesimama juu ya aina nyingi za familia, mila kama hizi zimo kwenye rekodi waliyokuwa wakiitegemea. Mtoto wa nyumba ntobhu ana mama wawili, na kijiji kizima kinajua pa kumpeleka akianguka.

Mtoto wa familia kama hiyo yuko darasa moja na wangu. Kuna la kufanya?

Australia, Simon Crouch na wenzake waliuliza kuhusu watoto 500 wenye wazazi wa jinsia moja. Kwa afya ya jumla na mshikamano wa familia walikuwa juu kuliko wastani wa nchi. Waliokuwa chini ni wale ambao familia zao zilisema zinasimangwa. Yaani kilichowaumiza kilitoka nje ya nyumba, kwenye geti la shule, dukani, kwenye basi.

Mama mmoja wa Uvira alinionyesha simu yake kliniki. Mwanawe alialikwa sherehe ya kuzaliwa ya rafiki yake, na chini ya mwaliko kulikuwa na majina mawili ya kike. Akaniuliza ampeleke au asimpeleke. Nikamuuliza mtoto mwenyewe anasemaje. Anasema kuna keki ya chokoleti na bwawa la kuogelea, na kwamba yule rafiki ndiye aliyemfundisha kuhesabu kwa Kiholanzi alipofika. Alimpeleka, na sambusa za kutosha kwenye ndoo.